Jibu la dokta: uchafu wa shombo unaoondoka na kurudi, ni fangasi sugu kweli?

Swali nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nina miaka 28, nimeolewa, mtoto mmoja. Toka mwaka jana natokwa na uchafu mwepesi, mweupe kama kijivu hivi, hauniwashi sana ila una harufu ya shombo, na tukimaliza tendo ndio inazidi mpaka naona aibu. Duka la dawa wameniuzia vidonge vya kuweka vya fangasi sijui mara ngapi, fluconazole nimemeza, nikaenda zahanati wakanipiga ultrasound wakasema nina maji nyuma ya kizazi, ni PID, nikapewa dozi kubwa. Nikimaliza dawa napata nafuu kama wiki mbili, nikiingia siku zangu tu inarudi. Kuna dada ananiuzia vidonge vya kusafisha kizazi, anasema hii ni fangasi sugu na niwe najiosha ndani na maji ya vuguvugu na ndimu. Mume ameanza maswali ya kwamba nachepuka. Je, ni fangasi sugu? Na nitazaa tena?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa ulivyojieleza, hiyo haifanani na fangasi. Fangasi ya ukeni kazi yake kubwa ni kuwasha, yani mtu anawashwa mpaka anashindwa kukaa kwenye daladala, uke na mashavu ya nje yanakuwa mekundu, mkojo ukipita unachoma, na uchafu wake ni mzito, mweupe, wa mabonge kama mtindi, alafu cha muhimu zaidi kwa kesi yako, kwa kawaida hauna harufu. Wewe umeniandikia kinyume chake karibu kila kitu. Uchafu mwepesi wa kijivu, shombo, muwasho kidogo, harufu inapanda baada ya tendo na baada ya hedhi, hiyo ni picha ya vajinosisi ya bakteria, kwenye karatasi za maabara utaona wameandika BV tu. Sasa dawa ya fangasi haiui bakteria hao, kwa hiyo hizo boksi zote ulizonunua hazikuwa na nafasi ya kukusaidia, na sio kwamba ugonjwa wako umekuwa sugu, ni kwamba haujapigwa bado na dawa yake kwa utaratibu wake. Nafuu ya wiki mbili uliyopata nadhani ilitoka kwenye ile dozi ya PID, yani maambukizi ya kizazi na mirija, mana ndani yake huwa kuna metronidazole ambayo ndio dawa ya BV, ulitibiwa bila kujua alafu kilichoileta kikawa bado kipo.

Lakini tuelewane, mimi nakuandikia tu sijakuona. Harufu na rangi vinatupa mwelekeo, havitoshi kuthibitisha, na kuna watu wana vitu viwili kwa pamoja. Nitakueleza kipimo cha kuomba hapa chini.

Kwanza ujue kinachoendelea huko ndani, mana ukielewa hili mengine yote yanakaa sawa. Uke wa mwanamke anayeona siku zake una bakteria wazuri wengi wanaitwa laktobasili, hao wanatengeneza asidi, na ile asidi inaweka pH ya uke (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi imepungua) kati ya 3.8 na 4.5 hivi, hali ambayo wadudu wengine hawaipendi. Kwenye BV hao walinzi wanapungua, na wale bakteria wengine waliokuwepo kwa uchache wanaongezeka kupita kiasi, pH inapanda juu ya 4.5 na wanatengeneza kemikali zenye shombo. Shahawa sio asidi, damu ya hedhi nayo sio asidi, kwa hiyo vikikutana na huo uchafu vinaiachia ile harufu kwa nguvu. Ndio mana unaisikia ukimaliza tendo na ukimaliza siku zako, wala sio kwamba mwili wako umekuwa mchafu. Na maji ya ndimu hayarudishi hiyo asidi, yanaunguza ngozi laini ya ndani na kuwaondoa hata wale laktobasili wachache waliobaki.

Hapo ndio naingia kwenye kujiosha ndani, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Wadada wengi huku kwetu wamefundishwa toka wadogo kuingiza kidole na sabuni mpaka ndani, mwingine anafanya asubuhi, jioni, kabla ya tendo na baada ya tendo, na akishapata harufu anaongeza bidii, harufu inazidi, anaongeza tena. Kuna wanaoweka shabu ili kubana, kuna wanaoweka kitunguu saumu, asali, mtindi, kuna wanaojifukiza, kuna hata wanaoweka ugoro. Uke kwa ndani unajisafisha wenyewe, ule ute unaotoka kila siku ndio usafi wenyewe. Unachotakiwa kuosha ni nje tu, kwenye mashavu, kwa maji safi, ukipenda sabuni basi isiyo na manukato na isiingie ndani, mara moja au mbili kwa siku inatosha. Tafiti nyingi zimeonyesha kujiosha ndani kunaenda pamoja na BV, na BV nayo inaongeza uwezekano wa kupata VVU na magonjwa mengine ya zinaa ukikutana nayo. Kwa hiyo hili sio la urembo.

Na hivyo vidonge vya kusafisha kizazi. Najua vinavyouzwa, vile vya kufungwa kwenye kitambaa kama lulu, unaviweka siku mbili tatu, ukivitoa yanatoka makamasi na vipande vipande, muuzaji anakwambia umeona uchafu ulivyokuwa umejaa? Hicho sio uchafu wa kizazi dada yangu. Kitambaa chenye dawa kali kimekaa ukeni siku nzima, ukuta wa uke umeungua na kuvimba, unatoa ute mwingi na ngozi ya juu inabanduka, ukichanganya na mabaki ya hiyo dawa yenyewe ndio unapata hayo mabonge. Ungemuwekea mwanamke ambaye hana tatizo lolote naye yangemtoka hivyo hivyo. Na kitu hicho hakifiki kwenye kizazi kabisa, kipo ukeni, mlango wa kizazi una njia nyembamba na huwa umezibwa na ute mzito. Kizazi kinajisafisha kila mwezi kwa hedhi.

Sasa ile ultrasound. "Maji nyuma ya kizazi" limekuwa neno la kutisha sana mtaani na nadhani wengi wamemezeshwa madawa kwa ajili yake. Nyuma ya mfuko wa uzazi kuna kauwazi, na kwa mwanamke mzima kabisa kanaweza kuwa na maji kidogo, hasa baada ya yai kupasuka katikati ya mzunguko. Maji kidogo peke yake sio PID. PID ni maambukizi yaliyopanda kwenye kizazi na mirija, na tunaitambua zaidi kwa kumgusa mgonjwa kuliko kwa picha: anaumwa chini ya kitovu, na daktari akiingiza vidole viwili na kuusogeza mlango wa kizazi au kubonyeza kizazi na pembeni yake mgonjwa anaruka kwa maumivu, wengine wana homa, wengine wanaumia wakati wa tendo au wanatoka damu katikati ya mwezi. Ultrasound inaweza kuwa safi kabisa na mtu ana PID, na inaweza kuonyesha maji na mtu hana kitu. Wewe hujaniandikia maumivu popote. Kama yule aliyekupima hakukugusa, hakukuchungulia, akasoma tu picha, basi hiyo PID ina alama ya kuuliza.

Ila pia nisiwalaumu sana watu wa zahanati kwa ile dozi kubwa, mana kuna utaratibu nyuma yake. Sehemu zisizo na maabara, Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limeelekeza kutibu kwa kufuata dalili, yani mama akija na uchafu ukeni mhudumu anafuata mchoro wa maswali, akishafika mwisho anatoa dawa zinazoweza kupiga vinavyowezekana vyote, BV, trikomona (kimelea cha zinaa), na kama kuna hatari hata kisonono na klamidia, ambayo ni magonjwa ya zinaa ya bakteria. Hiyo imesaidia watu wengi sana ambao wangerudi nyumbani mikono mitupu. Shida yake ni kwamba uchafu ukeni ni dalili mbaya sana ya kutambua kisonono na klamidia, wengi wenye uchafu hawana hayo, na wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote. Kwa mtu wa mara ya kwanza utaratibu huo unavumilika. Kwa mtu kama wewe ambaye inarudi na kurudi, kutibiwa kwa kukisia imetosha.

Kwa hiyo omba hivi: nenda kituo chenye maabara, sio lazima hospitali kubwa, vituo vya afya vingi vinaweza, mwambie daktari unataka achungulie na spekulamu na achukue swabu ya juu ya uke. Usikubali kuishia kwenye kipimo cha mkojo. Kuna wadada kibao wanatibiwa UTI mwaka mzima kwa sababu mkojo ulionyesha seli za usaha, kumbe zile seli zilidondoka kutoka ukeni wakati anakojoa kwenye kikopo. UTI ni ya njia ya mkojo, dalili yake ni kuchoma wakati wa kukojoa na kwenda haja ndogo kila saa, haileti uchafu wa shombo kwenye chupi.

Kipimo chenyewe najua wengi wanakiogopa kwa kutokijua. Unalala chali, unakunja magoti, unayaachia. Spekulamu ni kifaa cha chuma au plastiki chenye mbawa mbili, kinaingizwa kikiwa kimefungwa alafu kinafunguliwa taratibu, kina ubaridi, unaweza kuhisi kubanwa, ukipumua na kulegeza mapaja haiumi, na ukiumia sema, una haki ya kusema asubiri. Pia una haki ya kuomba nesi wa kike awepo. Daktari anaangalia ukuta wa uke, rangi ya uchafu, na mlango wa kizazi kama una usaha, kidonda, au unatoka damu ukiguswa. Alafu anapitisha kijiti cha pamba, sekunde chache tu, kwisha.

Maabara ndio patamu. Wanagusisha karatasi ya pH kwenye ule uchafu, rangi ikionyesha juu ya 4.5 fangasi peke yake inakuwa imekaa mbali. Wanaweka tone la maji ya chumvi kwenye kioo na kukiangalia kwenye hadubini hapo hapo bila kuchelewesha, mana trikomona anatambulika kwa kuogelea, ukikiacha kioo kwa muda anatulia na mtu anaandika hakuna kitu. Kwenye kioo hicho hicho wanatafuta seli za uke zilizofunikwa na bakteria mpaka kingo zake hazionekani vizuri, hizo ndio saini ya BV. Kioo kingine kinawekwa tone la potasiamu haidroksaidi, likiibua shombo la ghafla ni alama nyingine ya BV, na dawa hiyo hiyo inayeyusha seli zingine na kuacha nyuzi za fangasi zionekane kama zipo. Vikipatikana vitatu kati ya hivi vinne, uchafu mwepesi wa aina moja, pH ya juu, zile seli, na shombo, tunasema ni BV. Ni vigezo vya toka 1983 na mpaka leo tunavitumia, na kama unavyoona havihitaji mashine ya mamilioni. Cha kuangalia: usiende ukiwa kwenye siku zako, siku mbili kabla usifanye tendo, usiweke dawa yoyote ukeni na usijioshe ndani, la sivyo majibu yanaharibika.

Wakati uko hapo pima na VVU na kaswende, na kama wana kipimo cha klamidia na kisonono pima, mwenye BV huwa tunamshauri hivyo. Ungekuwa unawashwa na fangasi za kweli zinazorudi mara tatu na zaidi kwa mwaka ningekwambia pima na sukari, mana kisukari ambacho hakijagundulika ni mchawi mkubwa wa fangasi, pamoja na kunywa antibayotiki hovyo hovyo.

Matibabu sasa. BV ikithibitishwa dawa ya kawaida ni metronidazole ya kumeza, miligramu 400 au 500 asubuhi na jioni kwa siku 7. Vidonge vingi vya madukani ni vya 200, kwa hiyo ni viwili viwili. Angalia hapo: siku 7, mara mbili, sio siku tatu ukiona harufu imekata unaacha, na sio kile kidonge kikubwa cha mara moja, hicho kwa BV kinafanya vibaya zaidi. Meza ukiwa umekula, itakuachia ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu kidogo, mkojo unaweza kuwa wa rangi nzito, usitishike. Pombe madaktari wengi bado tunasema iache mpaka umalize. Ipo pia jeli ya metronidazole na krimu ya clindamycin za kuweka ukeni kwa wasioweza kumeza, ila krimu ya clindamycin ina mafuta, inalegeza kondomu za mpira, usiitegemee kondomu siku hizo na siku kadhaa baada yake. Vile vidonge vya kuweka vyenye mchanganyiko wa dawa tatu nne ndani ambavyo duka la dawa wanavipenda, mimi sivipendi, vinampa muuzaji uhuru wa kutouliza wewe una nini.

Na hapa ndio sehemu ambayo nadhani itakusaidia kuliko zote, mana wewe shida yako sio kupona, ni kurudi. BV inajulikana kwa kurudi, zaidi ya nusu ya wanawake wanaotibiwa inawarudia ndani ya mwaka. Kwa miaka mingi tulikuwa tunasema mume hahitaji dawa, sababu tafiti za zamani za kuwatibu wanaume hazikuonyesha faida. Mwaka 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, wakatoa matokeo kwenye jarida la New England Journal of Medicine yaliyobadilisha mazungumzo. Walichukua wanawake wenye BV walio kwenye uhusiano na mwanaume mmoja, wote wakatibiwa kama kawaida, kundi moja na mwanaume naye akapewa metronidazole 400 ya kumeza mara mbili kwa siku, pamoja na krimu ya clindamycin ya asilimia 2 ya kupaka uume mara mbili kwa siku, siku 7. Ndani ya wiki 12 BV iliwarudia asilimia 35 ya ambao wenza wao walitibiwa, na asilimia 63 ya ambao wenza wao hawakutibiwa. Tofauti hiyo ni kubwa, mpaka jaribio lilisimamishwa mapema. Kinachoonekana ni kwamba hao bakteria wanakaa pia kwenye ngozi ya uume na ndani ya njia ya mkojo ya mwanaume, yeye hasikii kitu, alafu wanarudi kwako. Ndio mana kumeza tu au kupaka tu hakukutosha, walifanya vyote viwili.

Sasa usimpe dawa mume wako kwa kusoma hapa. Nenda naye, au mpelekee daktari habari hii, wapo ambao bado wanafuata mwongozo wa zamani na wana haki ya kukuuliza maswali, ila kwa mtu mwenye mwenza mmoja na BV inayojirudia, mimi ningewatibu wote wawili wiki moja na kuwaambia mpumzike tendo hizo siku 7. Baada ya hapo kondomu kwa muda inasaidia kupunguza kurudi. Kama umewekewa kitanzi mwambie daktari, kwa baadhi ya wanawake kinaenda pamoja na BV, haina maana ukakitoe kesho. Ikirudi hata baada ya hayo yote, kuna jeli ya metronidazole mara mbili kwa wiki kwa miezi minne mpaka sita, hiyo ni ya kusimamiwa na daktari.

La mume kushuku. Mwambie, au nitafurahi akisoma mwenyewe: BV sio ushahidi wa kuchepuka. Ina uhusiano na tendo, ndio, ila inampata hata mwanamke mwenye mwanaume mmoja toka aolewe, na kama ulivyoona hapo juu, bakteria wanaweza kuwa wanatoka kwake kuja kwako. Hata swabu ikionyesha trikomona, ambayo kweli ni ya zinaa, uchafu wake mara nyingi ni wa njano au kijani wenye mapovu, bado huwezi kuhesabu tarehe kwa kutumia hiyo, mtu anaweza kukaa nayo miezi na zaidi bila dalili, hasa wanaume. Ikiwa hiyo mtatibiwa wote wawili siku hiyo hiyo bila kujadili nani kaanza, mana mmoja akimeza na mwingine akigoma ni kazi bure.

Kuzaa. BV yenyewe haijathibitishwa kuziba mirija, na fangasi hazizibi mirija. Kinachoziba mara nyingi ni klamidia na kisonono zilizopanda zikakaa bila kutibiwa, ndio mana nimekwambia pima. Umeshazaa, huna maumivu ya tumbo, mzunguko wako unaenda, sioni cha kukufanya uanze kuamini umeharibika kizazi, japo najua hilo ndilo wanalokuuzia. Ukishika mimba na bado una harufu usinyamaze, mwambie nesi kliniki, BV wakati wa ujauzito inahusishwa na uchungu kuja kabla ya wakati na inatibika. Na mimba ikiwepo fluconazole ya kumeza usiiguse bila daktari, fangasi kwa mjamzito tunatibu kwa vidonge vya kuweka.

Niseme pia kwa wengine watakaosoma, sio kila unyevu ni ugonjwa. Ute mweupe kidogo au usio na rangi, usio na harufu mbaya wala muwasho, unaoongezeka na kuvutika kama ute wa yai katikati ya mwezi, huo ni wa kawaida, hauna dozi. Mjamzito nao unaongezeka. Kuna binti anakausha chupi yake kwa pedi kila siku na kumeza antibayotiki kwa ajili ya ute wa siku za hatari, inasikitisha.

Yapo ya kukimbia hospitali bila kusubiri jibu la mtu yeyote mtandaoni: uchafu na maumivu makali ya chini ya tumbo au homa, uchafu unaonuka ukiwa umetoka kujifungua au mimba imetoka, maji kukutoka ghafla ukiwa mjamzito, au mtoto mdogo wa kike kuwa na uchafu, huyo apelekwe kwa daktari na aliyekaa naye aulizwe kwa utulivu. Na uchafu wa damu damu, wa majimaji unaonuka kuliko shombo, au damu baada ya tendo, au damu kwa mama aliyeshakoma hedhi, huyo achunguzwe mlango wa kizazi. Wakati mwingine tunakuta pamba au kipande cha kondomu kimesahaulika ndani, kinatolewa na kesi inaisha pale pale, ila wakati mwingine ni saratani, na kwetu bado wengi wanafika hospitali ya saratani ya Ocean Road wakiwa wamechelewa baada ya kutibiwa fangasi muda mrefu. Kile kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kinachukua dakika chache na vituo vingi vya serikali wanakifanya, miaka 30 hadi 50 ndio hasa wanaolengwa, wanaoishi na VVU wanaanza mapema zaidi. Wewe wa 28 huna dalili hizo, ila kwa kuwa spekulamu itakuwa imeshaingia, muombe daktari akuangalie vizuri na kukwambia anachokiona.

Kwa sasa acha ndimu, acha hao wauza lulu, acha na vidonge vya fangasi. Subiri siku zako ziishe, hesabu siku mbili bila tendo wala kujiosha ndani, nenda ukachukuliwe swabu, na majibu yaombe yaandikwe kwenye karatasi uondoke nayo. Ukinitumia tena niandikie ilivyosomeka hiyo pH, kama waliona trikomona au nyuzi za fangasi, na dawa ulizopewa kwa majina na siku zake. Wakikwambia hawana spekulamu, usipime mkojo kujiridhisha, omba barua ya rufaa uende kituo kinachofuata.